Mkono Juu ya Kioo

Mashine ya fotokopi ilikuwa imezimwa, waya umeviringishwa juu ya kifuniko, na bado, adhuhuri hiyo, karatasi ilitoka. Ya moto. Inanuka udi.

Shekha, mkutubi mpya katika maktaba ndogo ya wakfu hapa Malindi, akaigeuza. Ulikuwa mkono, kiganja kimebanwa kiooni, vidole virefu kupita vya binadamu.

"Umeanza kujipiga picha wewe!" alicheka Harusi, mwenzake wa mafunzo.

Shekha hakucheka. Kosa lake alilijua, Mola amsamehe. Jumatatu iliyotangulia, mwaka huo wa themanini na sita, Bwana Kalama alipokuja kutoka Mombasa kuwafundisha mashine hiyo, aliwaambia wajizoeze kwa magazeti tu. Yeye, kwa kutaka sifa, akachukua kitabu cha hati ya mkono cha marehemu Sharifu Badawi, kilichoandikwa jaladani kwamba asikiguse mtu asiye na udhu. Hakuwa na udhu. Akakilaza kiooni, akakikandamiza kwa kifuniko mpaka mgongo wa kitabu ukalia ka! Alipoulizwa nani kakivunja, macho yake yakamwendea Mzee Gona, mfagiaji. Gona akafukuzwa siku ile ile.

Adhuhuri ya pili karatasi ilileta mkono hadi kiwiko. Ya tatu, bega. Ya nne Shekha alikuwa peke yake, wenzake wamekwenda kula, madirisha yamefungwa kwa jua, aliposikia kifuniko kikijiinua polepole, udi ukamziba pua, mwanga wa kijani ukapita chini ya kioo, ukarudi, ukapita tena, na karatasi ikatoka kifudifudi, naye asithubutu kuigeuza, maana baada ya bega alijua kilichobaki ni uso.

Alimwendea Bwana Kalama, akaungama yote huku akilia, naye akawaomba wenye wakfu wamrudishe Gona. Jioni hiyo hiyo akafika kwa Gona, kijijini Kakuyuni.

"Shikamoo, baba. Kitabu nilikivunja mimi. Nimeshasema. Kazi yako imerudi."

Gona aliendelea kupukuchua mahindi. "Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu. Nilikuwa na njaa, sikuwa na kinyongo." Kisha akanusa hewa, iliyoanza kunuka udi, mikono ikasimama. "Na mwenye kitabu, umemtaka radhi?"

"Sharifu si alikufa, baba?"

"Simsemi Sharifu," alinong'ona Gona, akitazama juu ya bega la Shekha. "Namsema huyo uliyekuja naye."