Mpangaji wa Kooni mwa Anastazia

Kiangazi kilikuwa kimekausha hata visima, lakini nyumba ya Felista ilinuka udongo uliolowa mvua. Alifagia, akaanika ngozi za kulalia. Harufu ikabaki palepale, kitandani kwa mama yake.

Mama huyo, Anastazia, alianguka siku walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Ilongero. Tangu hapo hakusema wala kuinua mkono. Macho tu yalipepesa. Daktari wa zahanati alisema ndani hamna mtu tena, na Mughwai, kaka yake Felista, alikubali upesi mno.

Mchana mmoja Felista akimlisha uji, sauti nzito ya kiume ikatoka kooni mwa mama, midomo imetulia.

"Anasema chumvi imezidi."

Bakuli likamponyoka. "Nani anasema?"

"Mama yako. Mwenye nyumba yumo. Mimi nimepanga tu."

Felista hakukimbia. Akanong'ona, "Anasikia?"

"Yote. Alimsikia hata kaka yako akisema ni heri afe, watu wapumzike."

Mughwai alipoambiwa, uso ulimshuka, maana maneno hayo aliyasema kweli, akiwa peke yake na mgonjwa. Kesho yake alimleta mzee Ntandu, mganga wa majini kutoka Iguguno.

"Shikamoo, baba," Felista alimpokea. "Nakuomba usimtoe kwanza. Ndiye pekee anayeniletea habari za mama."

"Marahaba, mwanangu. Jini ni mwongo."

"Basi nimuulize jambo tunalolijua mama na mimi tu." Akainama kitandani. "Mdogo wangu alipokufa, mama alinivika nini?"

"Ushanga mweusi wa bibi yako. Chini ya nguo, baba yako asiuone."

"Umesikia, baba?"

Ntandu akatikisa kichwa. "Hata nyumba iliyohamwa hubaki na vyombo. Anavipekua tu."

"Sasa nimuulize nini ili nijue?"

"Hata mimi hapa," mganga akajibu, "unajuaje kama nimo?"

Felista alitamani kumrushia kinu. Kila alichokishika kiligeuka maji mkononi.

"Fukiza, mzee," Mughwai akasema.

Moshi ukapanda, na Ntandu akaanza kuita na kuamrisha, na kitanda kikagonga ukuta, na ile harufu ya mvua ikajaa chumbani mpaka Felista akahisi kama anazama, na katikati ya hayo yote sauti ikamlilia yeye, si mganga, ikisema, "Anakuita, Felista, anakuita, wakinitoa nani atakwambia?" naye akaruka kumshika mganga mkono, Mughwai akamvuta nyuma, mpaka pumzi ndefu ikatoka kifuani mwa mgonjwa na vyote vikanyamaza kwa pamoja.

Harufu ilikuwa imeisha.

"Ametoka," Ntandu akasema, akifunga vibuyu vyake.

"Na mama je?"

"Mimi natoa majini, mwanangu. Waliobaki siwajui."

Wanaume walipotoka, Felista alipiga magoti. "Mama, kama umo, fumba macho."

Macho yakabaki wazi. Akarudia kwa Kinyaturu, akabembeleza, akafoka, akampiga kofi la shavu kisha akalia kwa aibu. Kitu hakuna.

Mwishowe, kwa hasira na uchovu, akasema, "Haya. Kama humo, fumba macho."

Macho yakafumba.