Mlinzi wa Sinema

Siku viti vya sinema vilipouzwa, ukumbi ulijaa watu kuliko ulivyojaa kwa miaka mingi. Huyu anakalia kiti, yule anakibonyeza, wote wanauliza bei kwa pamoja. Mpokea wageni wa kliniki ya meno alipita katikati yao na sketi yake ya bluu iliyonyooshwa pasi, viatu virefu vikilia ko-ko sakafuni, akimtafuta baba yake. Badala ya kumwona baba, akakanyaga mguu wa mtu.

"Samahani!"

"Usijali, dada. Kanyaga na huu mwingine, usije ukaona wivu."

Alikuwa seremala, penseli sikioni, shati limejaa vumbi la mbao. Alikuja kununua viti akavitengeneze upya. Binti alicheka kabla hajajizuia, na kicheko kile kilimmaliza seremala pale pale.

Mara mlango wa chumba cha mashine ukafunguka. Akatoka mzee mwenye koti lililochanika kwapani na kandambili zisizofanana. Alipomwona binti, uso ukamchangamka.

"Umekuja, mwa..."

"Shikamoo," binti alimkatiza haraka. "Nimekuja kuangalia viti."

"Unamfahamu?" seremala aliuliza.

"Ni mlinzi wa hapa tu."

Mzee alisikia vizuri sana. Akasema, "Marahaba, bibie. Vilivyo vizima viko mbele."

Huyo mlinzi ndiye aliyeendesha mashine ya sinema ile tangu enzi za foleni ya tiketi kuzunguka jengo zima. Filamu zilikuja vipande vipande ndani ya makopo, naye ndiye aliyevipanga. Ijumaa moja, baada ya kukesha siku tatu hospitalini na mkewe, aliweka kipande cha mwisho mahali pa kile cha pili. Shujaa akazikwa, kisha akaonekana anacheza kwenye harusi yake mwenyewe. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na miluzi. Tangu hapo mzee akaitwa Kichwa-Mkia, na shuleni bintiye akawa Binti Kichwa-Mkia. Mke alifariki wiki ile ile, lakini hilo hakuna aliyelitungia jina. Baadaye zikaja kanda za video, zikaja simu, ukumbi ukageuzwa stoo ya magodoro, na mzee akabaki mlinzi, anaishi kwenye chumba cha mashine. Bintiye alimwalika kwake mara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

Mapenzi nayo hayakungoja. Simu zikawa asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Hilo nalo la kuuliza? Nimempa mgonjwa kadi ya mtu mwingine kwa ajili yako."

"Basi nipeleke kwenu, kabla hujang'oa mtu jino lisilo lake."

"Baba yuko safarini," alijibu. Safari hiyo ilichukua miezi minne.

Seremala alikuwa akivichukua viti vyake kidogo kidogo, na kila akienda alikunywa chai na mzee. Siku moja adhuhuri akapiga simu, sauti imekauka.

"Chumbani kwa mlinzi kuna picha yako. Umevaa sare ya shule."

Binti alishika ukingo wa meza.

"Nimemuuliza ameipata wapi. Unajua kanijibu nini? Kasema aliiokota. Macho yamejaa machozi, na bado anakusitiri. Ni nani yule?"

"Baba yangu."

"Kwa nini, lakini?"

"Niliona aibu."

"Mimi sina shida na umaskini wake. Ila mtu anayeweza kumkana baba yake, mimi atanifanya nini?" Akakata simu.

Binti hakuruhusiwa kutoka kazini, akatoka hivyo hivyo, na sare yake. Alikuta wapakiaji wanabeba viti vya mwisho, mwenye jengo mpya kasimama mlangoni, seremala anafunga kamba. Mzee alikuwa anafagia.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtupia jicho seremala. "Umenifananisha, bibie. Mimi mlinzi."

"Baba, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Taratibu, mwanangu," mzee alinong'ona. "Watu wanasikia."

"Wasikie!" Akawageukia wote, machozi yanamtiririka. "Huyu ni baba yangu. Ndiye Kichwa-Mkia, na mimi ni binti yake!"

Wapakiaji wakasimama na viti mabegani. Seremala aliachia kamba, akamtazama binti bila kutabasamu. Kisha akajifuta mikono, akamsogelea mzee na kuinama.

"Shikamoo, baba. Bado nina hasira naye. Lakini nampenda, na naomba kumposa."

Mzee aliacha kufagia. Alimgeukia bintiye, ufagio mkononi.

"Nimjibu mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Naruhusiwa?"

Kwa aibu, binti aliupokea ule ufagio. Akaitikia kwa kichwa.