Kifuniko cha Dereva

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Sijui kutisha watu, ila nikiimba. Ilimkuta rafiki yangu, fundi saa.

Fundi alimuundia mjomba wake kifaru kidogo cha plastiki, mfano wa kile mzee alichopigana akiwa ndani yake vitani. Mzee akakikagua.

"Mpwa wangu, kifuniko cha dereva kiache wazi. Chetu kilikwama, dereva wetu akabaki humo."

Fundi akacheka mbele ya wageni. "Mjomba, picha zote zinaonyesha kimefungwa. Uzee huo!"

Mzee akachukua fimbo yake, akaondoka. Fundi akakibandika kifuniko kwa gundi, sawasawa na picha.

Kesho yake aibu ikamtafuna. Akaingia stoo isiyo na dirisha kuchukua kifaru, akamwombe mjomba radhi. Umeme ukakatika. Gizani akasikia kitu kikikwaruza, kwaru, kwaru, kama ukucha kwenye plastiki. Akadhani panya. Akakinyanyua kifaru, na mkwaruzo ukaja nacho kiganjani.

"Nani?"

Ukanyamaza. Kisha ukaanza tena, polepole, kama mtu anayechoka.

Alipapasa hadi akapata kisu, akabandua kifuniko. Kimya. Umeme uliporudi, kifaru kilikuwa kitupu. Lakini upande wa ndani wa kifuniko, rangi ilikuwa imechimbwa mistari myembamba kama nywele, mitano mitano.

"Watu huniuliza ni shetani gani," husema fundi, macho chini. "Shetani gani! Mzee alinisihi, na aliyepaka gundi mara mbili isiachie ni mimi."