Vitambaa kwenye Kamba ya Dobi

Nyumbani kwetu siku huanza na mvuke. Mume wangu ni dobi, na mtaa mzima humwita Dobi, hata mimi nikikasirika. Yeye huchemsha maji uani na kupiga pasi. Mimi nafua. Mama yake, ambaye macho yake yamefifia, hukaa mlangoni pa chumba chake akikunja foronya. Haoni pindo, lakini vidole vyake havikosei.

Tulikuwa tunafua nguo za aina mbili. Kulikuwa na mashuka ya hoteli ya barabara kuu, inayolaza watalii. Kulikuwa na nguo za majirani pia: sare za shule, mashati ya kazini, mapazia.

Mwaka ule mashuka yalikuja marobota kwa marobota. Kila mwezi yalizidi ya mwezi uliopita. Dobi akaanza kutembea kwa maringo, utadhani hoteli ni yake. Jioni moja redio ikatangaza kwamba watalii walioingia nchini wameongezeka sana. Dobi akaizima hapo hapo. Alikuwa ameshasikia alilolitaka.

"Mke wangu," akasema, "tunahitaji chumba cha kupigia pasi. Meza kubwa mbili na rafu za mashuka. Nguo za majirani tuziache. Zinatupotezea muda."

"Chumba kipi? Nyumba yenyewe ina vyumba viwili."

Akatazama chini. "Cha mama."

"Na mama je?"

"Ataenda kwa mama mdogo. Kule kuna nafasi."

Kwa mama mdogo ni safari ya kutwa nzima. "Mama anaijua nyumba hii kwa mikono," nikamwambia. "Kule atapapasa kuta za watu."

Mama alikuwa nyuma ya pazia, na masikio yake hayana ugonjwa. Asubuhi alikunja foronya. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mapindo yake yalikwenda upande. Mchana nilimkuta amefunga furushi la nguo zake.

"Mwanangu asisumbuke," aliniambia. "Nguo zangu ni chache."

Niliingia jikoni nikalia.

Tuna jirani tunayemwita Bi Hesabu. Anafanya kazi katika ofisi inayohesabu wageni wanaoingia nchini. Jioni alikuja kuchukua gauni lake, nami nikamweleza yote mbele ya mume wangu. Sikujali kama atanuna.

Bi Hesabu akamgeukia. "Dobi, unalinganisha mwezi gani na mwezi gani?"

"Huu na uliopita. Kila mwezi mashuka yanaongezeka."

"Huo ni msimu, ndugu yangu. Miezi hii wageni huongezeka kila mwaka, kisha hupungua. Linganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana. Halafu tazama miaka mingi."

"Kwa hiyo redio inasema uongo?"

"Haisemi uongo. Imesema mwaka huu umeushinda mwaka jana. Haikukuambia mwaka jana ulikuwaje. Tena sisi tunahesabu walioingia. Yumo aliyekuja kwa jamaa zake, analala kwao. Aliyeingia mara mbili tunamhesabu mara mbili. Si wote wanaolala kwenye mashuka yako."

"Yangu yananitosha," Dobi akasema.

"Basi nipe shuka bovu na mkasi."

Bi Hesabu akatazama hesabu kwenye simu yake, akaanza kukata vitambaa. "Kila kitambaa ni mwaka mmoja," akasema. "Wageni wengi, kitambaa kirefu. Wageni wachache, kitambaa kifupi." Akavibana kwenye kamba yetu ya kuanikia, kuanzia miaka ya zamani hadi mwaka huu.

Vya mwanzo vilikuwa vifupi. Vikarefuka kidogo kidogo. Kimoja kikapungua, vilivyofuata vikarefuka tena. Kisha kikaja kimoja kidogo kama leso. Baada ya hapo vikapanda, mpaka cha mwisho kikakaribia kugusa ardhi.

"Mbona vinarefuka?" Dobi akasema. Ukaidi wake naujua.

"Kweli vinarefuka. Kwa miaka mingi wageni wanaongezeka. Huo ndio mwelekeo. Lakini ninyi hamli mwelekeo, Dobi. Mnakula mwaka huu, halafu mnataka kula na mwaka kesho."

Mama akasimama. Akaifuata kamba, akipitisha mkono kwenye vitambaa, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kile kidogo, mkono ukatulia.

"Huu ni mwaka wa maradhi," akasema. "Mipaka ilifungwa. Hoteli haikuleta hata taulo."

"Ndio huo, mama," Bi Hesabu akajibu.

Mama akarudi nyuma, akagusa kile kingine kilichopungua. "Na huu?"

"Mwaka ule nchi jirani ilikuwa na vurugu."

"Kwetu hapakuwa na vurugu," Dobi akasema.

"Mgeni aliye mbali atajuaje? Anasikia habari mbaya za jirani, anadhani na wewe umo. Anabaki kwao."

Mama bado alikishika kitambaa. "Mwaka huo baba yako alikuwa hai," akamwambia mwanawe. "Tulikula kwa sare za watoto wa majirani. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Akarudi kitini. Dobi akaingia chumbani kwa mama yake, akalifungua furushi, akazirudisha nguo mahali pake, moja moja.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Foronya ziko wapi?"

Meza ya pasi tuliiweka barazani. Nguo za majirani hatukuziacha. Kila mwaka unapokwisha, Dobi humuuliza Bi Hesabu idadi ya wageni, anakata kitambaa kipya na kukitundika ukutani, tulikohamishia vile vya kwanza. Mwaka ukiwa mrefu, tunaweka akiba. Tumejifunza kwamba mfupi hautumi salamu.

Na kweli haukutuma. Miaka miwili baadaye nauli za ndege zilipanda, wageni wakapungua. Robota la hoteli nikawa nalibeba kwa mkono mmoja. Tuliishi kwa sare, mashati na ile akiba. Hatukulala njaa.

Mwaka huo huo mama akaugua. Dobi hakuwa na mashuka ya kumharakisha. Alikaa naye mchana kutwa, akamlisha, akamsimulia habari za mtaa. Mama alinyoosha mkono akagusa ukuta wake, akajua dirisha liko wapi. Alifia kitandani kwake, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe.

Shuka lake Dobi alinikataza nisilifue. Alilifua mwenyewe, akalipiga pasi, akajaribu kulikunja kama mama alivyokuwa akikunja. Hakuweza. Nikamwona analia, nami nikalia naye.

Kitambaa cha mwaka ule alikikata kutoka kwenye shuka hilo. Ni kifupi. Watu wakiuliza, Dobi huwaambia, "Mwaka ule wageni walikuwa wachache. Nikapata nafasi ya kukaa na mama."