Dawati Lililoniangukia Muundi

Hakuna mtu Eldoret aliyewahi kuniona nikilia. Uliza mtaa mzima wa Pioneer, watakuambia Kipkemboi ni jiwe.

Asubuhi moja mwaka wa 2008, ukungu ulikuwa umelala uwanjani kama maziwa yaliyomwagika. Fujo za uchaguzi zilikuwa zimetulia. Tulikuwa tukirudisha madawati darasani, maana familia zilizokimbia makwao zilikuwa zimelala humo. Nilishika dawati huku, Warigia, msichana wa darasa letu, kule. Yeye alikuwa amerudi shuleni siku hiyohiyo, akitoka kwenye hema za kambini. Dawati likamponyoka, likanigonga muundi.

"Nani ameangusha?" akauliza Mwalimu Hulda.

Wenzangu wakamtazama Warigia kwa macho yale ya siku zile, ya kuona kabila kabla ya mtu.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Nilitaka muone misuli."

Wakacheka. Ngozi haikuwa hata imechubuka. Nikaufunga mguu kwa skafu, nikaikaza kabisa, nilivyodhani wakimbiaji hufanya.

Kufika saa sita, maumivu yalikuwa makubwa kuliko mguu wenyewe. Sauti ya Mwalimu ilinifikia kutoka mbali, kama inavuka mashamba ya mahindi. Mguu ulikuwa mgumu kama gogo, kana kwamba ni wa mtu mwingine tuliyeketi naye. Nikachechemea hadi nyuma ya tangi la maji. Warigia akanifuata, akanifungua skafu na kunivua kiatu.

"Unasikia nikikufinya?"

"Unafinya wapi?"

"Kidole, Kemboi. Namwita Mwalimu."

"Watasema ni wewe uliniumiza."

"Si ni mimi? Wacha waseme."

Alasiri hiyo nilipasuliwa hospitalini. Nilipozinduka, dawa ya usingizi bado kichwani, kitanda kilikuwa kikielea polepole juu ya mji, na daktari akizungumza na mama.

"Misuli ilivimba ndani, ikaziba njia ya damu. Skafu ikaongeza kubana. Tumepasua ili ipumue, mguu utapona. Angekawia hadi kesho, pengine tungeukata." Akanigeukia. "Kijana, maumivu yakilizidi jeraha, sema mapema, na usifunge kitu. Ukinyamaza, humsaidii mtu. Huyu msichana aliyesema ukweli ndiye ameuokoa mguu wako."

"Asante, daktari," nikasema. "Ila andika hapo kwamba sikulia."

Warigia alikuwa amesimama mlangoni, skafu yangu mkononi.

"Mama Kemboi," akasema kwa upole, "hii aliyojifunika uso njiani kuja hapa, nimeikamua mara mbili."