Marthe Alimpa Ignace Jina

—Yule dada aliyevaa kitenge kimoja na mgeni wetu wa heshima ni nani?

Aliyeuliza ni Mama Nora, mwenyekiti wa kamati ya Waayalandi wa Johannesburg, bibi wa miaka sabini aliyejipaka rangi ya kijani mashavuni. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa. Marthe akageuka kuangalia, na akatamani asingegeuka.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Machi, 2018. Gwaride la Mtakatifu Patriki, sikukuu ya Waayalandi, lilikuwa limeshajipanga barabarani, zumari na ngoma, watoto na kofia za kijani, hadi mbwa wamefungwa riboni. Mbele kabisa alisimama Ignace na mshipi wa heshima begani, amevaa shati la kitenge cha kijani chenye maua ya dhahabu. Shati hilo Marthe ndiye aliyelishona. Kando yake, amemshika mkono, alisimama msichana mwenye gauni la kitenge hichohicho na tumbo la miezi sita.

Kama hujawahi kukaa na sisi Wakongomani, ngoja nikueleze. Kwenye sherehe zetu, mwanamke akivaa kitenge kimoja na mwanaume, hakuna haja ya tangazo. Huyo ni mkewe, basi. Watu wetu waliojaa kando ya barabara walikuwa wameshaelewa kila kitu, na wote wakawa wanaangalia viatu vyao.

Marthe mwenyewe alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe. Ni Ignace aliyempangia, eti mkalimani avae kiofisi ili Wazungu waheshimu Kiingereza chake. Na zile yadi sita za kitenge zilizobaki, alisema anazituma Lubumbashi kwa mama yake. Kumbe Lubumbashi yenyewe ilikuwa hapahapa, tena imeshonwa na fundi wa ovyo, bega moja limepanda juu.

Miaka sita walikaa chumba kimoja mtaa wa Bellevue bila mahari. Kila Marthe akigusia, Ignace ana jibu: mlinzi wa geti, mwanaume asiye na jina, ataendaje kusimama mbele ya wakwe? Basi mwanamke huyu akaamua kumtafutia jina.

Mwezi wa nne 2015, wageni walipokuwa wanapigwa, na spaza zao, yale maduka madogo ya Soweto, zinavunjwa, Marthe alibeba sufuria yake kubwa, akaomba ukumbi wa parokia, akaanza kuwapikia waliokimbia. Hakuacha tena. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, sahani themanini. Kamati ya Waayalandi ilipoleta fomu kuuliza ni nani aliyeanzisha jiko lile, ili aongoze gwaride lao, Marthe aliijaza kwa mkono wake mwenyewe: Ignace. Ndivyo alivyolelewa. Kwao mwanamke hatangulizi jina lake mbele ya mwanaume wa nyumba. Akifanya yeye, kafanya baba. Alipomaliza kuandika alifurahi kweli, akaanza kuwaza wazazi wake watakavyompokea mkwe.

Asubuhi ya gwaride, rafiki yake Agnès, msusi wa Berea ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, alimtumia ujumbe: "Yaya Marthe, leo usiende huko. Baki nyumbani, nakuja kukueleza kitu."

Marthe alidhani ni wivu. Akajibu: "Nitakuletea picha."

Sasa alimwambia Mama Nora asubiri kidogo, akatembea moja kwa moja hadi kwa Ignace.

—Huyu ni nani?

—Marthe, si hapa. Watu wanatuangalia.

—Ndiyo maana nauliza hapa. Ni nani?

Ignace hakumtazama. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera.

—Ni Carmel wa kwaya, unamjua. Mahari yake nilitoa mwezi wa kwanza, Papa Ezéchiel alikuwepo. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia.

—Na mimi?

—Wewe miaka sita hukunizalia. Mama yangu anazeeka, Marthe. Sasa simama vizuri, kipaza sauti kinakuja.

Papa Ezéchiel, mzee wa kanisa lao, alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Kila Krismasi alikula mezani kwa Marthe na kumwita binti yangu. Marthe alimtafuta macho, naye akashughulika na vifungo vya koti lake. Hapo ndipo Marthe alipojua kwamba mji mzima ulikuwa na siri hii isipokuwa yeye. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Angeweza kuondoka. Wengi mngeondoka. Lakini siku hiyohiyo kamati ilikuwa itangaze unga, mchele na maharage ya mwaka mzima kwa lile jiko, na akafikiria kina mama wanaopanga foleni pale. Sherehe ikivunjika, nani atawalisha? Akapokea kipaza sauti.

Ignace alizungumza Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, na Marthe akazigeuza kuwa Kiingereza. Alieleza jinsi alivyoona ndugu zake wakiteseka na moyo ukamuuma. Marthe akatafsiri. Akasema hakulala siku hizo kwa ajili ya kupika. Marthe akatafsiri. Ukweli ni kwamba wakati ule Ignace alilalamika wiki nzima kuwa nguo zake zinanuka moshi, lakini hilo halikusemwa na mtu.

—Na yote haya nisingeweza bila bibi yangu Carmel, nguvu yangu ya nyumbani.

Marthe akatafsiri na hilo. Umati ukapiga makofi, Carmel akainamisha kichwa kwa haya ya bibi harusi.

—Namshukuru pia huyu dada mkalimani. Yeye anatusaidiaga kuosha sufuria.

Marthe alimtazama. Ignace akamfanyia ishara ya mkono, endelea. Basi mwanamke wa watu akasimama mbele ya mamia, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mgeni wa heshima anamshukuru pia dada mkalimani, ambaye huwa anawasaidia kuosha sufuria. Wakampigia makofi na yeye, machache.

Zumari zikaanza, gwaride likaondoka. Marthe hakulifuata. Alipanda teksi hadi Bellevue, akafunga nguo zake kwenye mfuko mmoja na cherehani kwenye shuka, akahamia kwa Agnès. Huko alilia mpaka uso ukavimba. Agnès hakumwambia "nilikuambia", alimsongea ugali tu.

Jumapili jioni Ignace akatuma ujumbe: "Najua una hasira. Kesho saa sita watu wa gazeti wanakuja jikoni na Mama Nora. Fika mapema upike. Hii si mambo yetu, ni ya watu."

Marthe aliusoma mara mbili, hakujibu.

Jumatatu saa saba mchana simu ikaita. Ikakatika, ikaita tena. Mara ya tisa akapokea.

—Marthe, uko wapi? Haya maharage hayaivi.

—Nani anapika?

—Carmel. Ameyaweka jikoni tangu saa nne, bado magumu kama mawe. Watu wa gazeti wamechoka kusubiri.

—Jana mliyaloweka?

—Kuloweka nini?

Miaka mitatu ya sahani themanini, na mwanzilishi wa jiko hajui maharage ya gunia hulowekwa tangu jana yake. Kilichomponza Ignace zaidi ni kwamba alikuwa anageuza mwiko kwa mkono mmoja, simu ameiweka mezani kwa sauti kubwa, na foleni nzima inasikia.

—Marthe, nakuomba. Njoo tu leo. Tutaongea mambo ya nyumbani baadaye, hata chumba nitakuachia.

—Siji kuosha sufuria, Ignace.

—Watu wana njaa, Marthe.

—Wape jina lako, wale.

Akakata.

Agnès, ambaye alikuwa ameenda pale kushuhudia, ndiye aliyemletea habari. Alisema Mama Nora aliuliza simu ile imesema nini, na Ignace akadai ni muuza gesi. Hapo Mama Zabibu wa Burundi akatoka kwenye foleni na sahani yake tupu, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akaeleza yote tangu 2015, nani alipika na nani alikuja siku za picha tu. Mwandishi aliandika kila neno. Carmel aliketi kwenye gunia la unga akalia, akamuuliza Ignace mbele ya watu kama kuna lolote alilomwambia ambalo ni la kweli.

—Na Mama Zabibu alikula nini? Marthe aliuliza.

—Hakula. Hakuna aliyekula. Waliondoka saa tisa.

Agnès alikuwa anacheka, lakini Marthe hakucheka. Mama Zabibu ana wajukuu wanne na hakumkosea mtu. Jumapili saa kumi jioni, muda wake wa kuloweka maharage, Marthe alikuwa ameitazama saa ya ukutani, akajua kabisa watakaolala njaa ni akina nani, na akabaki amekaa.