Dakika Nne za Mama Sabina

Siku ya mnada wa Karatu, vumbi jekundu likitanda juu ya mitumba, Adrian alimpiga kikumbo msichana aliyevaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha.

"Samahani, dada. Namtafuta fundi kompyuta, Nasrin. Wanasema mkali kama pilipili."

"Basi umeshaiuma," msichana akacheka. "Ni mimi."

Adrian alikuwa mwongoza watalii Ngorongoro, mzaliwa wa kijiji cha Buger. Saratani ya koo ilikuwa imemnyang'anya mama yake, Sabina, sauti. Nyimbo na hadithi alizomrekodi kabla ya hapo zilikuwa tu ndani ya kompyuta aliyoibeba begani, na sasa diski yake ilikuwa ikigonga kama inayokaribia kufa.

"Niachie," Nasrin alisema.

"Siwezi kuiacha, dada."

"Basi usiiwashe kabisa! Kila ikiwashwa, diski inazidi kufa. Diski tupu ya kunakilia inatoka Arusha Ijumaa. Nitaiwasha kwa flashi yangu, ninakili diski yako nzima kama ilivyo."

Siku hizo walipigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Na wewe, simba hawajakula?"

Kufikia Ijumaa walikuwa wakiitana mpenzi.

Siku hiyo dukani kwa Nasrin, nakala ilifika asilimia thelathini. Diski ikakwaruza, ikanyamaza.

"Umemzika mama yangu akiwa hai!" Adrian alifoka, akatoka. Hakupokea simu za Nasrin tena.

Wiki ya tatu, Mama Sabina alifariki. Siku zote hizo Nasrin alikuwa akiichambua ile nakala pungufu. Rekodi moja tu ilitoka nzima, ya dakika nne. Alipopata habari za msiba alifunga duka, akapanda bodaboda hadi Buger.

Alimkuta Adrian nyuma ya nyumba, macho mekundu. Akamsikilizisha kwenye simu. Mama Sabina alikuwa akimgombeza mwanawe kwa kuacha maziwa yamwagike jikoni, kisha akaangua kicheko.

Adrian akakaa chini kwenye udongo.

"Niliiwasha, Nasrin. Mara tatu. Nilitaka kumsikia. Halafu nikakutupia wewe lawama."

"Nilijua. Kompyuta huweka kumbukumbu kila inapowashwa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unauguza."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Ila kunyamaziwa kule bado kunaniuma."

Adrian akajipangusa udongo, akainuka. Akamshika mkono, wakaingia ndani kwa baba yake, Mzee Josephati, ambaye hakuwa amelia wala kula tangu mkewe afariki. Nasrin akaiweka simu mapajani pa mzee, akaicheza ile rekodi. Kile kicheko kilipokwisha, mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika. Akapapasa hewani, machozi yakimziba macho, akaupata mkono wa Nasrin.

"Rudia tena, binti yangu," alisema.